Mstoiki wa Kakamega

Jiwe la kwanza lilimpata mwizi begani, la pili likamvunja meno.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika soko la Kakamega, kwenye njia nyembamba iliyo kati ya wauza viatu vya mitumba na wauza ndizi. Watu waliokuwa wakibishana bei muda mfupi uliopita sasa walikuwa wameshika mawe na mipini ya majembe. Mama mmoja mnene mwenye aproni ya buluu alikuwa ameshika mwiko. Mwizi, mwanamume wa makamo mwenye kola iliyopauka, alikuwa amejikunja kwenye matope huku damu ikimtoka mdomoni.

Simu aliyoipokonya ilikuwa ya Mideva, mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi na gauni la kitenge la kijani. Simu alikuwa amesharudishiwa. Alikuwa akiiinua juu na kupiga kelele.

"Nimeipata! Muacheni! Simu ndiyo hii!"

Hakuna aliyegeuka. Umati ulikuwa umeacha kushughulika na simu.

Ndipo mtu mmoja akapenya katikati yao, akamlalia mwizi na kumfunika kwa mwili wake. Alikuwa amevaa tishati nyeusi iliyoandikwa STOIKI kifuani kwa herufi nyeupe. Mpini ulimshukia mgongoni, kisha mwingine. Jiwe lenye ukubwa wa ngumi likampiga kwenye paji la uso, upande wa kushoto, karibu na jicho. Kichwa kiliruka. Uso haukubadilika.

"Baba Shitsama," akasema, kama mtu anayeita majina darasani. "Nakuona. Na wewe, fundi wa viatu. Mama Anyona, huo mwiko si ndio utapikia watoto obusuma mchana? Utaosha kwanza?"

Mtu mmoja akacheka. Mama Anyona akautazama mwiko wake, akauficha nyuma ya aproni. Ni vigumu kuua mtu baada ya kuitwa jina. Mawe yakaanza kuanguka chini moja moja, na polisi walipofika walimkuta mwizi yu hai.

Mideva alimfuata yule mwanamume hadi kwenye bomba la maji.

"Unatoka damu. Kaa chini."

"Ni damu tu, madam. Mstoiki hakai chini juu ya damu."

Mideva alicheka. "Nani amekudanganya?"

"Wazee wa Ugiriki."

"Wale wazee nawafundishanga kila muhula. Walikaa chini sana. Mwanzilishi wao alikuwa mfanyabiashara, meli yake ikazama na mali yote, akaanza kufundisha kwenye baraza lenye nguzo pale mjini Athene. Jina lenu limetoka kwa hilo baraza. Halihusu misuli."

Mwanamume akaangalia kifua chake. "Kwa hivyo hapa nimevaa baraza?"

"Umevaa veranda, ndugu yangu."

Alikaa chini. Alikuwa Bramwel, bondia wa zamani wa kaunti na mwenye jimu ya ndondi karibu na stendi. Mideva alimpangusa damu kwa leso yake, na wote wawili walichukua muda mrefu kuliko jeraha lilivyohitaji.

*

Mwaka huo jina la Wastoiki lilikuwa limeenea mjini kama bango la mwanasiasa. Kulikuwa na mafuta ya ndevu ya Stoiki. Baa moja ya barabara ya Mumias iliuza kinywaji kikali kilichoitwa hivyo, na mhubiri mmoja alilitumia kuwaeleza akina mama kwa nini wasilalamike kuhusu waume wao. Mwanafunzi wa Mideva alimwambia kwa fahari kwamba yeye sasa ni mstoiki: hampigii mama yake simu tena. Mideva alimuuliza ni mwandishi gani wa kale aliyeagiza hivyo. Kijana akajibu kwamba aliona kwenye video.

Nyingi ya video hizo zilikuwa za Bramwel. Mitchel, msichana mwenye rasta nyekundu aliyesimamia mapokezi ya jimu, ndiye aliyezirekodi. Bramwel husimama mbele ya gunia la mazoezi, jasho likimtiririka, na kusema sentensi moja: Ukisema unaumwa, umeshindwa. Maelfu ya vijana walizitazama.

"Mwalimu," Bramwel alimwambia kwenye simu usiku wa kwanza, "nimesoma ile karatasi yako ya Wastoiki uliyonitumia. Ina maneno magumu kuliko ngumi."

"Na umeelewa nini?"

"Kwamba mwandishi ni mrembo."

"Hiyo haimo kwenye karatasi, Bramu."

"Mimi nimesoma kati ya mistari."

Wakaanza kuonana. Bramwel alikuja kumchukua nyumbani kwake Lurambi kwa pikipiki, amenyoa vizuri, shati la buluu limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Walikwenda Buyangu kutazama nyani msituni, wakanyeshewa, wakarudi na gauni la Mideva limeganda mapajani. Bramwel alimcheka kwa kuogopa siafu. Mideva akamcheka kwa kutamka majina ya Kigiriki kama majina ya wachezaji wa mpira.

Jioni moja Mideva alikwenda jimu. Bramwel alikuwa ulingoni na bondia wa Ekero, kijana mwenye mabega kama ng'ombe wa plau. Katika raundi ya pili Bramwel alimpiga ngumi ya kulia iliyovunja pua. Mlio wake ulikuwa kama wa muwa unaovunjwa kwenye goti. Damu ikaruka hadi kwenye kamba.

Bramwel aliposhuka, akamgusa Mideva shavuni kwa glavu. "Umepauka, Mwalimu."

"Hata mwenye hekima hupauka. Hao wazee wenyewe waliandika hivyo. Dhoruba ikipiga meli, mwenye hekima hushtuka na kugeuka rangi kama abiria wengine. Hilo halimo katika uwezo wake. Kilicho katika uwezo wake ni atakachokubali baadaye."

"Kwa hivyo kuogopa kunaruhusiwa?"

"Hakuhitaji ruhusa. Kupo tu."

Bramwel akacheka, akageuka kuvua glavu. Angeweza kumwambia papo hapo. Tangu siku ya tatu baada ya lile jiwe alikuwa akiona vimulimuli katika jicho la kushoto. Wiki iliyofuata kivuli kilitokea pembeni, kikaanza kusogea kama pazia linalovutwa. Daktari yeyote wa macho angemwambia kwamba ngozi ya ndani ya jicho ilikuwa inabanduka, kwamba upasuaji wa haraka huweza kuiokoa, na kwamba kila pigo jipya la kichwa linaiharibu zaidi. Hakwenda kwa daktari. Alikuwa amewaambia maelfu kwamba anayesema anaumwa ameshindwa. Aliinamisha kidevu zaidi, akaendelea kupigana, na pazia likafunga.

*

Mideva alipigiwa simu kutoka Mbale siku ya Jumatano. Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili umekufa na mdomo umepinda. Alimwita Bramwel wakutane katika hoteli walikozoea kula ingokho, kuku wa kienyeji, nyuma ya posta. Alivaa sweta ya kijivu na hakupaka chochote usoni. Alikaa kushoto kwake, kwa sababu kiti cha kulia kilikuwa na mguu mbovu.

"Mama hawezi kusema jina langu," alisema. "Anasema 'Mi', halafu mate yanatoka."

Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, karibu na bakuli la mchuzi la Bramwel. Machozi yakamtiririka bila sauti.

Bramwel hakuuona mkono. Hakuyaona machozi. Alisikia maneno tu, na maneno yalimtisha. Kiharusi kilikuwa kimemnyamazisha baba yake pia kabla ya kumuua, mwaka uliopita, na hakuwa amemwambia mtu jinsi alivyokaa naye. Akaendelea kutazama sahani.

"Hayo mambo hayako mikononi mwetu, Mwalimu," alisema. "Kula."

Mkono ulibaki pale mezani, ukiwa mtupu, mpaka mchuzi ukaganda. Kisha Mideva akauondoa, akachukua mkoba, akaondoka.

Kesho yake alimwona ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa. Moyo ulimshinda, akampungia. Bramwel alipita huku upande wake wa kushoto ukimwelekea, macho mbele, hatua ndefu. Mideva alibaki ameinua mkono mbele ya watu kama aliyesimamisha gari.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, mbona hushiki simu zangu?"

"Usiniite mpenzi. Wewe ni ukuta."

"Ulinipendea huo ukuta. Pale sokoni."

"Pale sokoni ulikuwa mtu aliyelalia mtu mwingine ili asiuawe. Yaani hujui tofauti? Nimekulilia mezani, Bramwel, ukaendelea kutafuna paja la kuku."

Bramwel angeweza kusema sikukuona. "Ulilia?" akauliza.

"Unaniuliza?" Mideva akakata simu, akaitupa ukutani, na kioo kikapasuka.

Bramwel alikwenda jimu akapiga gunia mpaka vifundo vya vidole vikachanika.

*

Mzee wa Bramwel alikuwa mfuga mafahali wa mapigano huko Shinyalu, na Waisukha hawamwachi mtu kama huyo aende kimya. Mwaka ukipita, wanamfanyia shilembe: ngoma za isukuti hupigwa, mafahali huletwa nyumbani kwake, na fahali wake mwenyewe hupigana mbele ya kaburi. Mwanawe wa kwanza ndiye anayemwongoza. Katika ukoo wa Bramwel kulikuwa na sheria moja zaidi, ambayo baba mdogo wake Nehemiah aliilinda kuliko shamba: kiongozi hutembea fahali akiwa kushoto kwake, na hageuzi kichwa kumtazama. Anayemtazama fahali wake hamwamini.

Ijumaa mchana Mitchel alimpigia Mideva, kwa namba aliyoiomba chuoni.

"Madam, ni mimi Mitchel wa jimu. Usikate, tafadhali. Huyu Bramu wako haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni upande mmoja. Nimemchunguza. Anamiminanga chai nje ya kikombe. Anagonga mlango na bega la kushoto. Wasee wote wa jimu wanampiga hapo hapo na hajikingi. Nikamuuliza, akaniambia niende nikarekodi video." Sauti ya Mitchel ikabadilika. "Na kesho asubuhi anaongoza fahali kwao. Amebaki na kajicho kamoja, madam, na ng'ombe itakuwa upande ule mwingine."

Mideva akakaa kitandani. Aliirudia meza ya hotelini akilini, kiti hadi kiti. Aliirudia barabara mbele ya duka la dawa. Kila kitu kilikuwa kimetokea kushoto.

Alimpigia Bramwel. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena kulipokucha, ikawa imezimwa bado, akatafuta pikipiki ya Shinyalu.

*

Aliwasikia kabla ya kuwaona: isukuti, filimbi, mamia ya wanaume wakiimba na kukanyaga pamoja. Njia ya kati ya mahindi na chai ilijaa watu. Wanaume waliopaka tope usoni walikimbia na matawi mkononi. Wanawake walikuwa wakitazama kutoka mbali, kwenye ua wa jikoni, kwa maana uwanja wa mafahali si wao.

Fahali wa marehemu aliitwa Tingatinga, mweusi, shingo nene kuliko kifua cha mtu. Mpinzani wake, Jaji, alikuwa mwekundu mwenye pembe zilizochongwa hadi zinang'aa. Walikuwa wamekwisha kukutana. Vichwa viligongana kwa kishindo kilichosikika kifuani, kwato zikachimba ardhi, na pembe ya Jaji ikapasua ngozi juu ya jicho la Tingatinga. Damu ilimwagika ikafanya povu pamoja na mate. Umati ulinguruma. Bramwel alikuwa karibu nao, kifua wazi, fimbo mkono wa kulia, macho mbele kama alivyoagizwa. Mafahali walikuwa kushoto kwake.

Nehemiah, mzee mkavu mwenye koti la marehemu kaka yake, alimwona Mideva akipenya kwenye uzio.

"Wewe! Mwanamke haingii huku!"

"Mwambieni ageuke! Haoni upande huo!"

"Rudi kwa wenzako, nimesema! Unataka kutuletea mkosi?"

Tingatinga akasukuma. Miguu ya nyuma ya Jaji ikateleza, akachomoa kichwa, akageuka kukimbia. Fahali anayekimbia hachagui njia. Watu wa upande ule walitawanyika kwa sababu walimwona anakuja. Mmoja tu hakumwona.

"Bramu! Kushoto! Kushoto kwako!"

Bramwel aliijua sauti. Akageuza kichwa, lakini Jaji alikuwa amekwisha kufika. Mideva, akija mbio, alimpiga Bramwel kwa mabega yote mawili, akamwangusha. Pembe iliyokuwa ya kifua cha Bramwel ikaingia katika paja la Mideva, ikamwinua, ikambeba kidogo, ikamtupa kwenye mahindi. Jaji aliendelea kukimbia, kipande cha gauni la kijani la Mideva kikining'inia kwenye pembe.

Bramwel akapiga ukelele.

Haukuwa wito wala amri. Ulikuwa ukelele wa mtu anayechinjwa, na ngoma zilinyamaza kwa ajili yake. Alitambaa hadi kwenye mahindi, akaona damu inavyotoka, akaingiza ngumi yake kwenye jeraha na kubana kwa uzito wote. Alikuwa akilia kwa sauti, kamasi na machozi vikimdondokea Mideva usoni. Vijana waliokuja kurekodi fahali sasa walimrekodi yeye.

"Usife, Mideva. Usife, mama, usife. Sikukuona. Jicho limekufa, sikukuona hata kule hotelini, sikukuona!"

"Najua," Mideva alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Bana."

*

Pembe ilikuwa imekosa mshipa mkubwa kwa upana wa kidole. Daktari wa upasuaji alisema hivyo bila kupamba, na bila kupamba alisema pia kwamba kama mtu asingebana jeraha, upana huo usingesaidia kitu.

Nehemiah alikuja hospitalini jioni, akasimama mlangoni pa wodi akizungusha kofia mikononi.

"Kijana wangu, watu wanaongea. Mwanaume wa nyumba yetu halii mbele ya fahali. Na mbele ya kaburi la baba yako!"

"Nimelia, baba mdogo."

"Nitawaambia ulikuwa unamfukuza ng'ombe kwa kelele. Wataamini."

"Waambie nimelia. Na uwaambie sina jicho la kushoto. Hukuniuliza na mimi sikukwambia, ndiyo maana huyu amelala hapa."

Mzee akamtazama Mideva usingizini, akaitazama damu iliyokauka kwenye mikono ya mwana wa kaka yake. Alivua lile koti akamfunika Bramwel mabegani, kwa sababu bado alikuwa kifua wazi.

Video ilikuwa imeenea. Mstoiki analia, waliandika. Mstoiki na mama yake. Maelfu waliondoka kwenye ukurasa. Mitchel alipiga kuuliza kama aufute.

"Uache," alisema Bramwel. "Ile ya leo ndiyo ya kweli. Zingine futa."

Asubuhi daktari wa macho, mama mmoja mfupi aitwaye Jepkoech, alimchunguza kwa taa kali. Jicho la kushoto halitarudi. Lingeokolewa kama angekuja katika wiki ya kwanza. La kulia lilikuwa na sehemu nyembamba itakayochomwa kwa mwanga ili isitoboke. Akipigwa tena kichwani, linaweza kufuata la kwanza. Ndondi zimekwisha.

Bramwel alirudi wodini, akavuta kiti. Mideva alikuwa macho, shuka limefika kiunoni, mguu umefungwa unene wa gogo. Hasira ilikuwa imemsubiri aamke.

"Ulikuwa unaniacha nikuchukie," alisema. "Nilikwambia kwenye simu kwamba nilikulilia, na ulijua kwa nini hukuona. Na hayo yote ukayafanya kwa jina la watu ninaowafundisha."

"Ndiyo."

"Hakuna 'ndiyo' tu. Sema."

Alisema. Alimwambia kuhusu vimulimuli, na pazia, na jinsi alivyomlisha baba yake uji kwa kijiko bila kuwahi kumwambia kwaheri. Ilimchukua muda, kwani hakuwa na mazoezi.

Mideva alifumba macho. "Lile jiwe lilirushwa kwa sababu ya simu yangu."

"Jiwe, ndiyo, lilikuwa la watu. Jicho ni langu. Nilikuwa na wiki nzima ya kufungua mdomo. Si wewe uliyesema kuna kinachotupata na kuna tunachofanya baadaye? Hiki nilikifanya mimi."

Mideva hakuwa amewahi kupata mwanafunzi aliyeieleza vizuri hivyo, lakini hakuwa tayari kumpa maksi.

"Mama yangu anaongea kwa nusu ya mdomo," alisema. "Ukienda kule utalazimika kukaa kutwa nzima ukisikiliza neno moja. Utamwambia hayo mambo hayako mikononi mwetu?"

"Nitakaa. Nilikaanga na baba, najua kupangusa mate." Akasogeza kiti karibu. "Mideva, nataka kukuoa. Naogopa kukuuliza. Naogopa pia hili jicho la kulia, na giza, na watu wa Mbale kuona umeletewa chongo. Ninaogopa tangu asubuhi na sijui unaishanga saa ngapi, huu uoga."

"Hauishi. Endelea."

"Nimemaliza. Nimeuliza."

Nesi, mwanamke mwenye mikono ya haraka, aliingia na sinia la kubadilishia kidonda. Akafunua shuka, akaanza kubandua shashi iliyogandamana na damu ya jana. Mideva akauma midomo. Kisha akaacha kuuma, akapiga kelele, na wagonjwa wakageuka vitandani.

"Mwalimu," Bramwel akanong'ona, "hata wewe?"

"Nyamaza, Bramu, nishike!"

Alimshika kwa mikono yote miwili. Nesi alivuta kipande cha mwisho, kile kilichokuwa kimeingia ndani kabisa, na jibu la Mideva lilisikika mpaka kwenye foleni ya dawa.

"Ndiyo, nioe! Uuwi! Nioe, lakini usiniachilie!"